Sumaku Mbele ya Lenzi

Jua la pwani yetu halimhurumii mpiga picha. Tangu saa nne asubuhi hadi alasiri, kuta za chokaa huurudisha mwanga machoni, kanzu nyeupe hupoteza mikunjo yake, na buibui hugeuka kuwa kivuli kitupu ambacho darizi zake hazionekani tena. Arusi nazo hazingoji magharibi. Nikahi ikisha kusomwa mchana, bwana arusi huletwa nyumbani kumpa mkono mkewe jua likiwa bado kali, na mwenye kamera hana budi kuwa tayari.

Mimi hupiga picha na video za arusi upande wa wanawake, Mombasa na mara nyingine Kwale. Kazi hii huifanya peke yangu. Familia inayonialika hutaka jicho moja tu la mgeni katika chumba cha bibi arusi; haipendi nije na msaidizi isiyemjua, sembuse awe mwanamume. Kwa hivyo nina mikono miwili basi: mmoja wa kamera, na wa pili wa kila kitu kingine. Nasema haya kwa sababu mabinti wanaoanza kazi hii huniuliza kama vichujio vya lenzi vinavyoshikwa kwa sumaku vina faida ya kweli au ni pambo tu la madukani. Jibu langu limo katika huo mkono wa pili.

Kwanza, kwa nini kichujio? Kamera inayorekodi picha 25 kwa sekunde hupendeza shata yake ikifunguka kwa 1/50 ya sekunde. Ikienda kasi zaidi ya hapo, mwendo wa watu hukatikakatika, na makofi ya waimbaji huonekana yakirukaruka kama ya vikaragosi. Chini ya jua la adhuhuri, kwa kasi hiyo na ISO 100, tundu la lenzi hulazimika kubanwa hadi f/22. Hapo kila kitu huonekana kwa ukali ule ule: uso wa bibi arusi, nyaya za umeme, na ile ndoo iliyosahauliwa ukutani. Nikitaka f/2.8, ili uso ubaki wazi na yaliyo nyuma yafifie, sharti niupunguze mwanga mara 64. Kazi hiyo hufanywa na kioo cheusi kiitwacho ND64, ambacho hupitisha sehemu moja tu kati ya 64 za mwanga unaokifikia. Wako wanaosema kwamba kompyuta itarekebisha baadaye. Kompyuta haiwezi kurudisha mikunjo ya kanzu iliyokwisha kuungua ikawa weupe mtupu.

Shida ni mlango. Bwana arusi yuko nje juani. Hatua tatu baadaye amekwisha vuka kizingiti na kuingia katika ukumbi wa nyumba ya zamani, wenye kuta nene na dirisha dogo. Kioo kilichonisaidia barazani sasa kinanitia gizani. Kichujio cha kawaida hufungwa kwa hesi, na kukifungua kwa vidole vyenye jasho na mafuta ya udi huchukua nusu dakika, hasa hesi ikiwa imeshika chumvi ya bahari. Katika nusu dakika hiyo mkono umekwisha kupewa, dua imekwisha kusomwa, na mama amekwisha kufuta machozi. Siwezi kumwambia bwana arusi arudi nje aingie tena. Wapo wapiga picha wanaomwambia, nami naona ni utovu wa adabu, kwa kuwa kitendo kile si mchezo wa kuigiza.

Kichujio cha sumaku hutatua jambo hili kwa njia nyepesi. Pete moja ya chuma hufungwa kwa hesi mbele ya lenzi na kuachwa hapo. Kioo chenyewe kimo ndani ya pete nyingine, na sumaku huzivuta pete hizo mbili zishikane. Sumaku zenyewe kwa kawaida ni za neodimiamu, aina iliyovumbuliwa mapema katika miaka ya 1980, nayo kipande chake kidogo kina nguvu ya kushangaza. Ninapofika kizingitini huinua kidole, kioo kikabanduka, nami nikaendelea kutembea nyuma ya bwana arusi bila picha kukatika.

Lakini kishikacho upesi huachia upesi. Kioo hicho kikigongwa na bega la mtu katika msongamano, huanguka, na sakafu zetu za saruji hazina huruma. Pete nazo hazipatani: ya mtengenezaji mmoja aghalabu haishikani na ya mwingine, kwa hivyo mwenye kuanza na achague mmoja akae naye. Anunue kioo cha kipenyo kikubwa, milimita 77 au 82, kisha pete za kupunguzia kwa lenzi zake ndogo, badala ya kununua kioo kwa kila lenzi. Na pwani ya Kwale ina mchanga mweusi wenye madini ya chuma. Pete ikiwekwa chini ufuoni huinuka na ndevu. Chembe hizo ziondolewe kwa utepe wa gundi, maana kitambaa huzisukuma juu ya kioo zikakikwaruza.

Kichujio changu cha pili ni kile cha kuondoa mng'ao. Asili ya elimu yake ni tukio moja lililotokea Paris mwaka 1808. Étienne-Louis Malus alilitazama jua la machweo likimetameta katika madirisha ya kasri la Luxembourg kupitia kipande cha fuwele, akaona mng'ao ule ukififia na kurudi kila alipokizungusha. Nami hukizungusha changu vivyo hivyo mpaka mng'ao wa maji, wa majani ya mnazi au wa kioo cha gari la bibi arusi utoweke. Dhahabu haiguswi: nuru inayoakisiwa na madini haizuiliki kwa njia hiyo, basi vipuli na mikufu hubaki vikiwaka. Sijui pambo lingine la kazi hii linalonifurahisha kama hilo.

Liko jambo ambalo wauzaji huliandika kwa herufi ndogo. Katika arusi moja, bibi yake bibi arusi alikuwa amewekewa kifuani kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Sumaku yenye nguvu ikikaribia kifaa cha namna hiyo inaweza kukibadilishia utendaji wake. Madaktari hushauri iwekwe mbali, isipungue sentimita 15. Binti yake mkubwa alinivuta kando kabla sijafungua mkoba, akaniambia. Nikauacha mkoba chumba cha pili, nikampiga yule mzee picha kivulini kwa lenzi isiyo na pete. Alipotaka nimrekebishie mtandio, nilimwita mjukuu wake aufanye. Tangu siku ile, kabla ya arusi yoyote, huuliza nyumbani kama yuko mwenye kifaa cha moyo, na huuliza bila haya.

Kadi ya kumbukumbu ya kamera haidhuriki kwa sumaku hizi. Kadi ya benki yenye ule mstari mweusi yaweza kudhurika, na dira huchanganyikiwa kabisa. Safari moja Diani, sala ya adhuhuri ilinikuta katika nyumba ya watu nisiowajua. Nikaitoa simu, iliyokuwa imelala mkobani juu ya vichujio, na mshale wa kibla ukaelekea moja kwa moja baharini. Mwenye nyumba alichungulia akacheka. Mombasa na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa longitudo, digrii 39 na kitu mashariki, basi kibla chetu ni kaskazini.

"Iweke hiyo simu, mwanangu," akasema huku akinitandikia mkeka. "Bahari iwe mkono wako wa kulia."