Mhunzi wa Olympus na Wahunzi wa Ugweno

Kila nisomapo kisa cha Hephaistos, mhunzi wa miungu ya Kiyunani aliyetupwa kutoka Olympus na bado akawafulia wenzake silaha, fikra zangu hupanda Ugweno, kaskazini mwa milima ya Upare. Masimulizi ya huko yasema Washana, ukoo wa wahunzi, ndio waliotawala hadi Wasuya walipowapokonya enzi. Nyundo ikabaki mikononi mwao. Utamu ni ule ule. Ila ngano za Wayunani kila kizazi huzisimulia upya, ilhali Kigweno kinazidi kumezwa na Kipare na Kiswahili. Basi Kiswahili kina deni. Lugha iliyompokea Edipode wa Sophocles mwaka 1971, kwa tafsiri ya Samuel Mushi, haikosi nafasi ya kumpokea Mshana.