Kwenda Bwanga na Kurudi kwa Betri Moja

Ukitoka Kahama kwa basi kuelekea machweo ya jua, unapita Masumbwe, kisha Ushirombo, na baada ya Ushirombo unafika Runzewe. Hapo njia hugawanyika. Njia kuu inaendelea mbele hata Nyakanazi na Lusahunga, na mwisho wake ni Rusumo, mpakani mwa Rwanda. Njia ya pili hukata kulia kwenda Bwanga, na kutoka Bwanga mpaka Biharamulo. Katika hesabu za serikali njia hii huitwa Uyovu–Bwanga–Biharamulo, kwa kuwa Uyovu ni jina la kata. Lakini makondakta wote huita Runzewe, nasi tuwafuate makondakta.

Hii ni nchi ya Wasumbwa, katika Wilaya ya Bukombe. Zamani ilikuwa chini ya Mkoa wa Shinyanga, na tangu mwaka 2012 iko chini ya Mkoa wa Geita. Wasukuma wamehamia kwa wingi pamoja na ng'ombe wao, na dhahabu imeleta watu wa kila kabila. Asali ya Bukombe inajulikana mbali. Usiku na mchana malori hupita yakielekea Rwanda na Burundi, na mahali malori yanaposimama hapakosi mama lishe, fundi wa kuziba pancha, na vijana wa pikipiki wanaongoja abiria.

Hao vijana wa pikipiki ndio ninaotaka tuwafikirie leo.

Wajua wanavyoishi. Wengi wao pikipiki si yao. Wamepewa kwa mkataba, nao kila jioni hupeleka hesabu kwa mwenye chombo, mpaka siku zilizopatanwa zitimie. Kinachobaki baada ya hesabu na petroli ndicho chakula cha watoto. Mwezi wa Septemba mwaka 2023 lita moja ya petroli ilipita shilingi 3,200 hata Dar es Salaam bandarini, sembuse huku bara ambako huja kwa safari ndefu. Siku kama hizo kijana hufanya kazi toka alfajiri, na tanki ndilo linalokula kwanza.

Basi habari ya pikipiki ya umeme imewafikia, nayo imewafikia kwa njia ile ile ya malori. Mjini Kigali pikipiki za umeme zilianza kubeba abiria mwaka 2019. Dereva akiishiwa, huenda kituoni, akaacha betri tupu, akapewa nyingine iliyojaa, akaondoka kwa dakika chache. Tangu Januari 2025 serikali ya Rwanda haiandikishi tena pikipiki mpya za petroli kwa kazi ya kubeba abiria Kigali. Dar es Salaam nako pikipiki na bajaji za umeme zimeanza kuonekana. Kwa hiyo si ajabu siku moja muuzaji akisimama njia panda ya Runzewe, akasema, “Hii haili petroli, na ikijaa inakwenda kilomita 80.”

Je, ni kweli? Ni kweli na si kweli. Hutegemea mkono wa anayeendesha, kupita unavyodhani.

Tuanze na betri yenyewe. Betri ya pikipiki ya namna hii huchukua yapata uniti tatu za umeme, yaani uniti zile zile unazonunua kwa luku. Lita moja ya petroli ina nguvu ya uniti tisa hivi. Kwa hiyo betri yote, ukiipima kwa nguvu, ni sawa na theluthi moja ya lita. Ni kama kuanza safari na petroli ya chupa ndogo ya soda! Nayo hufika mbali kwa sababu mota ya umeme haipotezi nguvu nyingi. Injini ya petroli hugeuza robo hivi ya nguvu kuwa mwendo, na iliyobaki hutoka kama moto na moshi. Ndiyo maana ukigusa bomba la pikipiki unaungua. Mota ya umeme hugeuza sehemu nane au tisa katika kila kumi.

Ndiyo faida yake. Uniti tatu kwa bei ya kawaida ya nyumbani hazifiki shilingi 1,200 pamoja na kodi, na hata ukiongeza kile kinachopotea wakati wa kuchaji, ni kidogo mno ukilinganisha na lita moja na nusu ya petroli kwa safari ile ile. Lakini hapo hapo ndipo penye shida. Mwenye tanki lililojaa anaweza kumwaga nguvu ovyo bado akafika, akijutia fedha zake tu. Mwenye theluthi ya lita akimwaga ovyo, analala njiani.

Na adui wa kwanza ni upepo. Sisemi upepo wa masika, nasema ule unaoutengeneza mwenyewe kwa kukimbia. Kila ukiongeza mwendo mara mbili, upepo hukusukuma nyuma mara nne. Ukienda polepole huusikii. Ukienda mbio shati linapigapiga mgongoni, machozi yanatoka, na betri ndiyo inayolipa.

Sasa tupige hesabu ya kweli ya hapa petu. Toka Runzewe mpaka Bwanga ni kama kilomita 45. Kwenda na kurudi 90. Chukua pikipiki yenye betri ya uniti tatu, dereva na abiria mmoja, matairi mazuri, barabara ya lami isiyo na vilima wala upepo. Akienda mwendo wa 40 kwa saa bila kuhangaika, hesabu inampa karibu kilomita 100. Akienda mwendo wa 70, inampa kama 50. Pikipiki ni ile ile, betri ni ile ile, abiria ni yule yule. Wa kwanza anaweza kurudi nyumbani, ingawa kwa shida, maana vilima vipo na kusimama kupo. Wa pili anafika Bwanga, na safari yake inakomea hapo.

Na huyo wa pili amepata nini? Kwa mwendo wa 40, Bwanga ni safari ya saa moja na dakika saba. Kwa mwendo wa 70 ni dakika 39. Ameokoa chini ya nusu saa. Lakini sasa atafute mwenye umeme, aombe mahali pa kuchomeka, akae kwa muda wa saa tatu au nne akiitazama betri ijae. Wazee waliosema haraka haraka haina baraka hawakuwa na kipimo cha umeme, lakini hesabu ingewaunga mkono.

Usidhani ni jambo la pikipiki tu. Mwezi wa Agosti mwaka 2017 kule Italia, watu watano wenye kupenda motokaa za Tesla walipokezana kuendesha moja yao, aina ya Model S. Motokaa hiyo kwa vipimo vya serikali ya Marekani hufika kama kilomita 500 kwa chaji moja. Wao walizima kipooza hewa, wakaenda kwa mwendo wa kama 40 kwa saa, usiku na mchana, wakafika kilomita 1,078. Ni zaidi ya mara mbili! Sisemi mtu mwenye shughuli zake asafiri hivyo. Nasema tu kwamba mwendo wa madereva ndio ulioleta tofauti kubwa.

Baada ya upepo huja ile tabia ya kufyatua na kukamata breki. Umeiona kijiweni: abiria akikaa tu, pikipiki inaruka kama swala, mbele kuna tuta, breki kwa nguvu, tuta likipita, inaruka tena. Kila kuruka kunakula, na kila breki kunatupa kile kilicholiwa. Nguvu ya kukifikisha chombo kwenye mwendo wa 60 ni mara nne ya ile ya kukifikisha 30. Dereva mwenye akili huliona tuta toka mbali, akaachia mapema, chombo kikajiendea chenyewe mpaka hapo, akagusa breki kidogo.

Kuna habari njema hapa kwa upande wa umeme. Je, unaikumbuka dainamo ya baiskeli? Ukiigandamiza kwenye tairi taa huwaka, nawe miguuni unasikia baiskeli imekuwa nzito. Uzito ule ndio umegeuka mwanga. Motokaa za umeme hufanya hivyo zikiteremka au zikipunguza mwendo: mota yenyewe hugeuka dainamo, huishika gari, na kurudisha umeme kidogo kwenye betri. Si wote unaorudi, ni sehemu tu. Tena breki ya ghafula hurudisha kidogo kuliko breki ya taratibu. Lakini pikipiki nyingi za bei nafuu hazina ufundi huu. Muuzaji akikuambia inajichaji kwenye mteremko, mwambie akuonyeshe kipimo kikipanda.

Mzigo nao una habari yake. Mishikaki ya watu watatu nyuma, au magunia mawili ya mpunga, huelemea zaidi wakati wa kuanza mwendo na wakati wa kupanda. Ukitoka lami ukaingia njia za vijijini, kwenye mchanga au tope, uzito huo hukula kila hatua. Mzigo mpana, kama magodoro, kwenye lami ni mbaya kuliko mzigo mzito ulio mwembamba, kwa sababu unakamata upepo kama tanga la dau. Tairi lisilo na upepo wa kutosha, mnyororo uliokauka, breki inayosuguana na gurudumu: hayo ni wezi watatu, na dawa yao ni pampu, oili na spana.

Kwa jambo moja nchi hii imebarikiwa. Kule Ulaya wakati wa baridi kali betri hutoa umeme pungufu, na watu huwasha joto ndani ya gari, nalo hula betri hiyo hiyo. Sisi Runzewe hatuna theluji. Tuna jua, na jua nalo si rafiki: betri iliyojaa kabisa ikiachwa juani kutwa huzeeka upesi. Iwekwe kivulini.

Mababu wa hapa wangeyaelewa haya bila kufundishwa. Wasumbwa walikuwa wasafiri wakubwa. Msiri, aliyetawala Garenganze kule Katanga hata alipouawa mwaka 1891, alitoka Busumbwa. Mwaka ule ule Mapadre Weupe walianzisha misioni ya Ushirombo, na mizigo yao yote ililetwa kwa mabega ya wapagazi. Mpagazi hakuanza siku kwa kukimbia. Alijua maji yako wapi, kambi iko wapi, na nguvu zake zagawanywaje kati ya hapo na hapo.

Lakini kuna neno moja ambalo hesabu yangu ya mwendo wa 40 halijaligusa. Kwenye njia kuu ya malori, mwendo huo una hatari yake. Lori la tani 30 likikujia nyuma kwenye kona halina muda wa kujua kwamba unaokoa umeme. Kwenye njia ile shika kushoto kabisa, vaa kofia ngumu, taa ya nyuma iwe nzima, na ukiona lori linakuja usishindane nalo. Afadhali kufika na betri pungufu.

Tena kuna safari ya usiku. Mama ameshikwa na uchungu kijijini, njia ya gari hakuna, anaitwa kijana wa pikipiki. Akiwa na ya petroli na tanki tupu, atagonga mlango wa duka, auziwe petroli ya chupa, na safari iende. Umeme hauuzwi kwa chupa. Kijana aliyeshinda akikimbizana na wenzake kutwa, akarudi na mistari miwili kwenye kipimo, usiku huo hana msaada hata kama moyo wake unataka. Na kama umeme wa gridi umekatika tangu jioni, hata asubuhi hatakuwa nao. Katika yote niliyoyaeleza, hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, na muuzaji hatalitaja.

Kigali wana vituo vya kubadilisha betri. Mpaka siku vituo hivyo vitakapofika huku, vijana watakaokuwa wa kwanza kununua wangeweza kupatana wenyewe kijiweni, kama wanavyopatana zamu ya kupakia abiria: kila usiku mmoja wao asimalize kazi na betri tupu, bali aache kubeba mapema, achomeke kabla umeme haujakatika, alale na betri iliyojaa, na namba yake ya simu iandikwe kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa katekista wa kigango. Wenzake wamchangie kidogo kwa zile safari za jioni alizoziacha.