Bei ya Dirisha



Majuma mawili yaliyopita, baada ya Misa ya pili, waliingia ofisini kwangu mume na mke ambao wengi wenu mnawafahamu kwa sura. Sitawataja majina, ila wameniruhusu niandike habari yao kwa sharti kwamba nisiwafanye watakatifu wala wadhambi. Mume ana duka la vitenge na mashuka Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Kongo. Mke ni mzaliwa wa Bukoba, mwanachama wa WAWATA ambaye hajakosa zamu ya kufagia kanisa tangu nilipohamishiwa hapa. Mwaka huu wanatimiza miaka 25 ya ndoa.

Mume aliweka mezani karatasi nne zilizochapwa rangi. Binti yao mkubwa, anayefanya kazi Hispania, amewachangisha wadogo zake ili wazazi wapande meli kubwa ya starehe kutoka Barcelona, usiku saba katika Bahari ya Mediteranea. Watoto wamechanga sehemu kubwa ya nauli. Inayosalia ni juu ya wazazi. Karatasi mbili zilikuwa za meli ya bei ya kawaida, na mbili za meli ya daraja la juu. Swali walilokuja nalo lilikuwa moja: “Baba Paroko, tukichukua ile ya ghali, si itakuwa anasa mbele ya Mungu na mbele ya jumuiya?”

Nakiri kwamba nilikuwa na jibu tayari hata kabla hajamaliza kuuliza. Paa la kigango linavuja, wapo watoto tunaowalipia michango ya shule, na mimi mwenyewe mwaka 2003, nilipokuwa frateri, nilisafiri na Liemba kutoka Kigoma hadi Kasanga nikiwa nimelala juu ya begi langu katika daraja la tatu, kati ya magunia ya dagaa, wala sikufa. Nilipenda kuwaambia hivyo. Bahati njema mume ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara wa Kariakoo hakubali hukumu kabla ya hesabu. Alichomoa kalamu.

“Baba, bei ya kwanza siyo bei,” akasema. Kisha akanieleza biashara ya meli hizo kwa namna ambayo sijawahi kuisikia. Meli ya kawaida, alisema, inauza kama wale vijana wauzao simu pale nje: simu ina bei yake, chaja bei yake, kava bei yake, na ukifika nyumbani umelipa simu mbili. Chumba cha ndani walichopewa kilikuwa dola 820 kwa kila mtu. Bakshishi ya wahudumu hutozwa kila siku, kwa kawaida kati ya dola 16 na 20 kwa kila abiria. Wao waliandikiwa 17, maana yake dola 119 kwa siku saba. Intaneti dola 20 kwa siku, nyingine 140. Hapo imeshafika 1,079, na bado hujashuka bandarini kutembezwa. Ile ya daraja la juu ilikuwa dola 1,950 kwa kila mtu, ndani yake bakshishi, intaneti, vinywaji, na chumba chenye roshani yake kinachotazama bahari.

“Sasa tofauti siyo 1,130 kama inavyoonekana kwenye karatasi. Ni 871.” Nikamuuliza kuhusu vinywaji. Akacheka. Kwenye meli ya kawaida mtu anaweza kulipia vinywaji vyote kwa dola 60 kwa siku, na hapo tofauti ingeshuka hadi 451. “Lakini Baba, ili ninywe dola 60 kila siku lazima niwe na matumbo matatu. Mimi ni bia moja, mama watoto ni soda. Hiyo siihesabu.” Hesabu ya namna hiyo naiheshimu. Wengi wetu, tukitaka kitu cha ghali, huhesabu faida ambazo hatutazitumia, ili mradi ghali ionekane rahisi.

Kwa hiyo swali likabaki wazi: dola 871 kwa kila mtu, 1,742 kwa wawili, zinanunua nini?

Zinanunua nafasi, kwanza. Meli za kawaida zimekuwa kubwa kupita kiasi. Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Januari 2024, inaweza kubeba abiria wapatao 7,600, idadi ambayo mimi sijapata kuiona hata kwenye Misa ya Pasaka. Meli za daraja la juu kwa kawaida hubeba wachache zaidi, na foleni ya chakula huwa fupi. Zinanunua chakula kilichopikwa kwa utulivu, na mhudumu anayekumbuka kwamba hutumii maziwa. Hazinunui bandari: meli zote mbili zinakwenda karibu bandari zile zile. Wala hazinunui viza. Viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, pamoja na bima ya safari isiyopungua euro 30,000, awe anakwenda kulala chini au juu. Hapa nilikuwa na la kuwafaa, kwa sababu wakati fulani nilimsindikiza padre mwenzangu katika jambo hilo: kama meli itagusa bandari iliyo nje ya eneo la Schengen, kama vile Tunisia au Uturuki, kisha irudi, viza ya kuingia mara moja haitoshi. Wakaitazama ratiba. Siku ya nne ilikuwa Tunis. Mume akaandika pembeni, akapiga mstari mara mbili.

Aliniuliza pia, kwa sauti ya chini, kama ni kweli kwamba abiria wa meli ya kawaida anaweza kwenda dawatini akaomba ile bakshishi ya kila siku iondolewe. Ni kweli, katika kampuni nyingi inawezekana. Nilimwambia asifanye hivyo. Wahudumu wale hukaa melini miezi sita, saba, hata tisa mfululizo, wakifanya kazi kila siku ya juma, na kwa wengi wao bakshishi ni sehemu ya mshahara. Punguzo la namna hiyo hutoka mfukoni mwa anayekutandikia kitanda. Alikubali upesi, nadhani kwa aibu ya kuwa aliuliza.

Wakati wote huo mke hakusema neno. Alikuwa akiitazama picha ya chumba cha ndani: kitanda kizuri, taa, kioo kikubwa, na ukuta mahali pa dirisha. Kisha akauliza, “Baba, katika meli hizi, majina ya watu wote yanaandikwa? Hata wa chini?”

Nilidhani ni swali la ushamba, Mungu anisamehe. Nikamjibu kwa kirefu, kama mwalimu. Nikamweleza habari za Titanic mwaka 1912, ambamo takriban asilimia 62 ya abiria wa daraja la kwanza waliokoka, na wa daraja la tatu karibu asilimia 25 tu. Na jinsi msiba ule ulivyozaa mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, ambao leo unataka watu wote wahesabiwe kabla meli haijaondoka. Nikamweleza pia juu ya Costa Concordia, iliyopinduka Italia tarehe 13 Januari 2012 wakafa watu 32, wakati baadhi ya abiria walikuwa ndiyo kwanza wamepanda na hawajafanya zoezi la dharura. Tangu Januari 2015 sheria inataka zoezi hilo lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara inapoondoka. Wa ghali na wa rahisi husimama pamoja, kila mtu na kituo chake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Kaka yangu hakuandikwa.”

Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Meli ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Orodha ilionyesha abiria 443 wa daraja la kwanza na la pili. Wale wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Waliokufa wanakadiriwa kuwa 800 au zaidi, na wengi walizikwa kwa pamoja kule Igoma. Kaka yake alikuwa anakwenda Mwanza kutafuta kazi, na nauli ya daraja la tatu ilikatwa kwa fedha ya kahawa ya baba yao. Familia ilikwenda na jina lake kila palipokuwa na karatasi. Jina halikuwapo. Kwa miezi kadhaa mama yao alishikilia kwamba, kwa kuwa hakuandikwa, huenda hakupanda.

Nilikaa kimya. Yale yote niliyokuwa nimeyasema juu ya Titanic niliyaona yamebaki hewani kama kelele za barabarani. (Na Kariakoo kwenyewe, ambako watu hawa wanaamka kila siku kufungua duka, ni jina lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Walikufa kwa maelfu, na wengi wao hawana jina lililochorwa mahali popote. Tunalitamka neno hilo kila siku tukiuliza nauli ya daladala.)

Hata hivyo, nilipopata maneno, nilijaribu kurudi kwenye hesabu. Nikawaambia kwamba sasa jambo ni jepesi: kama katika meli zote mbili kila mtu ameandikwa na kila mtu ana boya lake, basi fedha ya ziada hainunui uhai, inanunua ulaini tu, na wanaweza kuchukua ile ya rahisi kwa dhamiri safi. Mke akaafiki. Akasema ndivyo alivyofikiri yeye pia, wachukue cha ndani. Nilijiona nimemaliza kazi.

Mume hakuafiki. Walipoondoka alirudi peke yake, akisingizia kusahau miwani. Akaniambia jambo ambalo mke wake amelikubali liandikwe hapa, baada ya siku tatu za kufikiri. Mwaka ule wa 1996, meli ilipokuwa imepinduka lakini haijazama kabisa, ilitangazwa kwamba wamo watu walio hai ndani yake, wanasikika wakigonga. Tundu lilipotobolewa ili kuwatoa, hewa ikatoka, na meli ikaenda chini. Yeye alikuwa msichana, akisikiliza redio ya jirani. Tangu hapo hajalala katika chumba kilichofungwa. Wanaishi ghorofa ya nne, Gerezani. Vipaza sauti vya madukani huanza alfajiri, mbu ni wengi, vumbi halielezeki, na dirisha la chumbani halijafungwa usiku hata mmoja kwa miaka 25. “Chumba cha ndani atakilipia, atakaa amekaa kitandani siku saba, na atawaambia watoto amefurahi. Mimi sitafuti anasa, Baba. Natafuta dirisha linalofunguka.”

Tazama basi jinsi nilivyokuwa karibu kuwahukumu. Kwenye karatasi ile, roshani imeandikwa pamoja na divai na chakula cha usiku, kama kipambo kimoja kati ya vingi, na mimi niliisoma hivyo hivyo. Ningeliulizwa madhabahuni, ningesema roshani ni majivuno. Kumbe kwa mwanamke huyu yale mengine yote ndiyo ya ziada, na kitu pekee chenye thamani katika dola 1,950 ni mlango mwembamba wa kioo.

Nilimshauri jambo moja dogo: kabla ya kulipa kianzio, wavuke kwanza kwenda Unguja. Boti huondoka pale mbele ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, safari ni ya takriban saa mbili, na kuna daraja la kawaida na la juu. Yeye hajapanda chombo chochote cha majini tangu mwaka ule, isipokuwa kivuko cha Kigamboni mara moja, kwenda msibani. Pia nilimwomba aulize kama meli ya kawaida ina chumba chenye roshani. Inacho, ameniletea jibu: dola 1,240, na ukijumlisha bakshishi na intaneti inakuwa 1,499. Tofauti na ile ya daraja la juu sasa ni 451 kwa kila mtu. Binti yao amekasirika kidogo, kwa sababu alitaka wazazi wapewe kilicho bora. Nimemwandikia.

Walivuka Jumamosi iliyopita. Mume alikata tiketi za juu. Mke alikaa humo dakika kumi hivi, kisha akashuka daraja la kawaida, kwenye watoto wanaolia na ndoo za maembe, akatafuta mahali yalipo maboya, akayahesabu hadi alipochoka, akaenda kusimama nje kwenye upepo mpaka Unguja. Waliporudi alinionyesha kipande cha tiketi yake. Jina lake limeandikwa, ila wamekosea herufi moja. Aliuliza kama naona kuna haja ya kurudi kuwaambia warekebishe.

Kianzio kinatakiwa tarehe 30.