Jimbo Lililokufa kwa Kalamu

Sisi wa riwaya tumezoea kuua wahusika. Wamarekani wao waliua jimbo la uchaguzi zima! Ni jimbo la 14 la Michigan, lililoanzia Detroit likajipinda kama nyoka hadi Pontiac. Mwaka 1950 Detroit ilikuwa na watu milioni 1.85; sensa ya 2020 ikakuta 639,111. Michigan ikapokonywa kiti kimoja, ramani ikachorwa upya, na Januari 2023 namba 14 ikafutika. Mwezi huohuo Detroit, ambako weusi ndio wengi, ikabaki bila mbunge mweusi, mara ya kwanza tangu 1955.

Huko ndiko alikokuwa mbunge John Conyers, 1965 hadi 2017. Namba 14 aliipata 1993. Kabla ya hapo jimbo lake liliitwa la 1. Na ofisini kwake aliajiri nani? Rosa Parks, yule mama wa basi la Montgomery! Jamani, sisi shuleni tulimwacha amekaa kwenye basi tu, kumbe alifanya kazi Detroit hadi 1988, akisikiliza wenye shida za nyumba na ajira. Mimi riwaya yangu ningeianzia hapo mezani kwake, simu inaita, mtu analalamikia kodi ya nyumba.