Moro kwa saa mbili, Uluguru siku nzima!

Mji wa Morogoro una jina lake la utani la siku nyingi: mji kasoro bahari. Maana yake milima ipo, mito ipo, matunda yapo, na muziki tangu enzi za Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe ulikuwepo. Kilichokosekana ni bahari tu. Kwa hiyo wakati wenzetu wa Zanzibar na Mombasa wanahesabu meli za watalii zitakazotia nanga msimu ujao, mtu wa Moro hana meli ya kusubiri. Yeye anasubiri treni. Na tangu mwaka 2024 ratiba ya treni ndiyo habari ya mjini, kuanzia kijiwe cha kahawa mpaka saluni.

Tukumbushane kidogo. Jiwe la msingi la reli ya kisasa, hiyo tunayoiita SGR, liliwekwa Aprili 2017. Tukaahidiwa tarehe, zikapita. Tukaahidiwa nyingine, nazo zikapita, mpaka watu wakaanza kuona ni hadithi za sungura na fisi. Ilipofika Juni 14, 2024 treni ya abiria ikaondoka kweli Dar kwenda Morogoro, nauli ya daraja la kawaida shilingi 13,000. Safari ambayo kwa basi inakula saa nne, na siku ya foleni za Kimara na Kibaha hata zaidi, ikawa ya saa mbili hivi. Bwana we! Ghafla kila mtu Dar akawa na shemeji Morogoro.

Nimepanda treni hiyo mara kadhaa, na kazi yangu kubwa humo ndani, ukiacha kuchungulia nje, ni kusikiliza watu wanavyoizungumza hiyo ratiba. Hakuna anayenyamaza. Wapo 'washkaji' wa Sinza na Kijitonyama ambao hawana shughuli yoyote Moro. Wanapigana picha ndani ya behewa, wanashuka, wanakula chipsi kuku, wanarudi na treni ya jioni wakijisifu kwamba nao wamesafiri. Wapo wanafunzi wa SUA na Mzumbe, na hawa wanashukuru kwa dhati, maana wikiendi wanakula ugali wa mama Temeke na Jumatatu wako darasani. Wapo pia akina mama wa biashara waliozoea kusafiri na viroba kwenye buti la basi. Hawa hawana raha sana. Treni inataka begi la kistaarabu, siyo tenga la nyanya. Mama mmoja aliyekaa upande wa pili wangu alikuwa anamwambia binti aliye jirani yake, "Mwanangu, treni nzuri, sikatai. Lakini mzigo wangu nitauweka wapi?" Binti akacheka tu, maana yeye alikuwa na mkoba wa begani na simu.

Wazee nao wana lao. Mtu aliyekulia kwenye treni ya zamani ya Reli ya Kati anajua kwamba nusu ya safari ni kununua vitu dirishani: ndizi, mayai ya kuchemsha, kuku wa kukaanga anayekufikia huku gari moshi limeshaanza kutembea na chenji hujapewa. Madirisha ya SGR hayafunguki. Na njia yenyewe inapita Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere. Chalinze haimo. Vijana wa Chalinze wanaokimbiza mabasi na korosho mkononi, treni hii hawaioni hata moshi, maana hata moshi haina, inatumia umeme.

Umeme wenyewe nao una visa vyake. Mwishoni mwa Julai 2024 treni ilipokwama njiani, shirika la reli lilitaja wanyama kama ngedere na ndege kama bundi kuwa chanzo cha hitilafu. Weee! Kwa siku kadhaa nchi nzima ilikuwa inamcheka bundi. Kila aliyechelewa kazini alikuwa na ngedere wake.

Haya, tuyaache hayo, tushuke. Hapa ndipo mgeni anapopata mshangao wa kwanza. Stesheni ya zamani iko mjini kabisa, kwenye ile reli ya Mjerumani iliyofika Morogoro mwaka 1907. Mpya iko Kihonda, nje ya mji. Ukitoka tu, unapokewa na madereva wa bajaji na bodaboda kwa mapenzi ambayo hujawahi kuyapata hata kwenu. "Kaka, mjini? Dada, Msamvu?" Ushauri wangu wa bure: patana bei kabla hujakaa.

Sasa kuna jambo ambalo wengi hawakulitilia maanani. Juni 14 treni ilianza, na Julai 25, 2024 ikasogea mpaka Dodoma. Piga hesabu, ni siku 41. Kwa siku 41 tu Morogoro ilikuwa mwisho wa reli. Aliyekata tiketi ya mbali kuliko wote alikuwa anashuka Moro, na akishashuka itabidi ale, anywe, apande bajaji, pengine alale. Vijana wa mjini waliokuwa wanajipanga kutembeza wageni mlimani, wenye gesti, mama ntilie, wote walionja utamu kidogo. Halafu ratiba mpya ikatoka. Dar wakashangilia Dodoma, wabunge na watumishi wakapata usafiri wao, na Moro ikawa kituo cha katikati. Abiria wa Dodoma anaiona milima ya Uluguru dirishani, anapiga picha moja ya simu, anarudi kwenye usingizi wake.

Wala si mara ya kwanza. Mwaka 1907 pia Moro ilikuwa mwisho wa reli, kisha vyuma vikasonga mbele, vikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Ndiyo tabia ya reli, huwezi kuilaumu. Ila kijana wa Moro ana haki ya kuuliza: mimi nitabaki na nini?

Kwa maoni yangu atabaki na kitu kimoja ambacho Dodoma hawana, nacho ni ule mlima. Tatizo ni kwamba wengi wetu wa Dar tunautaka mlima kwa ratiba ya treni. Tunataka kufika asubuhi, 'kuumaliza' Uluguru, na jioni tuwe Kariakoo. Haiwezekani, wajameni.

Mji wenyewe uko kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari. Vilele unavyoviona ukiwa mjini, Lupanga na Bondwa, vinapita mita 2,100. Bondwa utaitambua kwa minara yake ya mawasiliano. Kimhandu, kirefu kuliko vyote, kiko kusini zaidi na kinapita mita 2,600. Lupanga inakula siku nzima kwenda na kurudi, na mtu wa disko kila wiki asijidanganye kwamba ana pumzi. Njia imesimama wima, mizizi inateleza, na ukifika juu unaweza kukuta wingu limekaa hapo hapo, huoni hata mkono wako. Ukishuka magoti yanacheza rumba.

Kama una siku moja tu, nenda Morningside. Ni mwendo wa saa mbili au tatu kupanda, na juu kuna magofu ya nyumba ya enzi za Mjerumani, na mji wote uko chini yako kama ramani. Lakini anza mapema. Ukianza mapema utakutana na kina mama wanateremka na matenga kichwani, mboga, ndizi, stroberi, wanawahi soko. Wewe unahema na raba zako mpya, yeye ana ndala na kilo kadhaa kichwani. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Mbona unahema, bado mbali!" Nakuhakikishia hapo ndipo utakapoheshimu bei ya stroberi.

Jingine: msitu wa juu ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008, unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kibali kinalipiwa mjini na mwongozaji unapewa. Wapo wajanja wanaokwepa. Mimi siwaelewi. Mtu anatoa shilingi 13,000 kukaa kwenye kiti saa mbili, halafu anaona uchungu kumlipa kijana anayejua njia siku nzima. Huyo kijana ndiye atakayekuonyesha mahali unapoweza kumsikia ndege mwenye kofia nyeusi, mgongo wa kijani na kifua cha njano ambaye duniani kote hapatikani kwingine ila Uluguru. Bila yeye utapita chini ya mti huo huo ukiwa unatafuta mtandao.

Na hapo bado hujaenda nyuma ya mlima. Kule Kinole, upande wa mashariki, ni nchi nyingine. Upepo wa bahari unafika pale, unagonga mlima, unamwaga mvua. Ndiyo maana kuna mananasi, iliki, mdalasini na karafuu. Mgeta, upande wa pili, kuna mabonde ya mboga yaliyochongwa ngazi ngazi, na maporomoko ya Hululu karibu na Bunduki. Huko huendi na kurudi siku hiyo hiyo, hasa masika, barabara ikiamua kuwa utelezi. Utalala. Na ukilala utaongea na watu, utajua kwamba kwa Waluguru ardhi ya ukoo inafuata upande wa mama na mjomba ndiye mwenye neno. Wale ndugu zangu wa Dar wanaoulizia mashamba kwa haraka haraka ndani ya treni, wajue kwamba baba mwenye nyumba anaweza asiwe msemaji.

Kuna sababu nyingine ya mtu wa Dar kuuheshimu mlima huu. Treni ikifika stesheni ya Ruvu, lile jina ni la mto, na mto huo vyanzo vyake viko Uluguru. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ndiyo inayolisha mabomba ya Dar. Oktoba 2022 mto ulipopungua, Dar ikaingia kwenye mgao wa maji, na tuliokuwa tunapanga foleni na ndoo saa tisa za usiku hatujasahau. Yaani maji uliyopigia mswaki kabla ya kupanda treni yalitoka huko unakokwenda.

Basi mimi ratiba yangu ni hii. Ijumaa natoka kazini naunga stesheni na treni ya jioni. Nalala gesti ya mjini, siyo Kihonda, ili Jumamosi alfajiri niwe njiani kabla jua halijawaka. Jioni ni nyama choma na miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Jumapili asubuhi sokoni, nanunua stroberi kidogo zinazoenea kwenye begi, na ndizi za kumpelekea bi mkubwa. Tiketi ya kurudi Jumapili jioni ikate mapema, mwenzangu, tena kabla hujapanda mlima. Hiyo treni hujaa wanafunzi.