Maili na Saa katika Nchi ya Barafu

Upande wa kaskazini kabisa wa Marekani iko nchi iitwayo Alaska. Huko wakati wa baridi jua huonekana kwa saa chache tu, mito huganda ikawa migumu kama jiwe, na bahari iliyo mbele ya mji wa Nome hufunikwa na barafu hata meli haziwezi kupita. Mashariki yake, mbali sana, uko mji wa Fairbanks. Kutoka kiwanja cha ndege cha Fairbanks mpaka kile cha Nome, kwa njia iliyonyoka, ni maili 520 hivi. Eropleni iendayo maili 400 kwa saa hufika kwa muda wa dakika 78. Hesabu hiyo ni nyepesi. Lakini safari si hesabu tu.

Tarehe 21 Februari, 1924, Carl Ben Eielson, aliyepata kuwa mwalimu wa shule huko Fairbanks, alichukua barua kwa eropleni mpaka McGrath. Safari hiyo magari yaburutwayo na mbwa juu ya theluji yaliifanya kwa majuma karibu matatu. Yeye alifika kwa muda usiotimia saa tatu. Walakini wakati wa kurudi giza lilimkuta njiani, akapotea. Aliokolewa na mwanga wa moto uliowashwa na watu wa mji, na eropleni yake ikaharibika ilipotua.

Mwezi wa Januari, 1925, ugonjwa wa dondakoo uliingia Nome, na watoto wakafa. Dawa ilipelekwa kwa gari la moshi hata Nenana. Wengine walitaka irushwe kwa eropleni, wakisema itafika upesi. Lakini eropleni zilizokuwapo hazikuwa na paa la kumkinga rubani na baridi, na dawa yenyewe ilikuwa chache; ikianguka, basi. Gavana Scott Bone akachagua mbwa.

Njia ya mbwa ilikuwa maili 674, na barua kwa kawaida zilipita siku 25. Safari hii watu wapatao 20 walipokezana mzigo, kila mmoja na mbwa wake, usiku na mchana, katika upepo ukatao uso kama wembe. Baada ya siku tano na nusu hivi, tarehe 2 Februari, dawa ikafika Nome. Ilikuwa imeganda, lakini haikuharibika, na wagonjwa wakatibiwa.

Miaka ilipita, eropleni zikatengenezwa vizuri zaidi, nazo sasa ndizo zichukuazo watu na barua mpaka Nome. Maili hazikupungua hata moja. Lakini mwenye kupima safari na aulize mambo mawili: itachukua saa ngapi, na je, mzigo utafika salama? Wazee walisema kweli, kutangulia si kufika.