Mama Asiyesema Neno

Ndugu msomaji, ukiuliza habari za sinema za Italia za siku zile picha zilipokuwa hazina sauti, utatajiwa kwanza wanawake wawili: Lyda Borelli, aliyeanza kucheza sinema mwaka 1913, na Francesca Bertini. Walikuwa mabibi wa kuvaa hariri na kuegemea mapazia. Bertini aliweza zaidi ya hayo: katika "Assunta Spina" ya mwaka 1915 yeye ni mfua nguo wa Napoli, amejifunika shali kama wanawake wa mtaa ule, nawe wamsadiki. Lakini anayenikaa mimi moyoni ni mwingine, tena alicheza picha moja tu maishani mwake.

Jina lake Eleonora Duse. Alizaliwa mwaka 1858, akasifiwa katika michezo ya jukwaani Ulaya na Marekani, akaacha jukwaa mwaka 1909. Mwaka 1916, nywele zimekwisha kuwa nyeupe, alicheza "Cenere", yaani Majivu, hadithi ya Grazia Deledda wa Sardinia. Mama maskini asiye na mume anampeleka mwanawe mdogo kwa baba yake, anampa hirizi, kisha anamwacha. Mtoto anakua, anasoma, anamtafuta.

Sasa mwangalie Duse. Hapigi kifua wala hazungushi macho. Mara nyingi yumo kivulini, uso ameugeuza, nawe wabaki na mikono yake. Mikono ile yataka kumshika mwana aliyekwisha kuwa mtu mzima, nayo yaogopa.

Mimi nililelewa na bibi. Mama alikwenda mjini kutafuta kazi nikiwa na miaka minne, na kijijini walisema mengi juu yake. Kila aliporudi kututazama alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, asijitetee. Mikono ile niliiona tena kwa Duse.

Naye alikuwa na binti, Enrichetta, aliyesoma shule za bweni mama akisafiri na kundi lake. Sisemi kwamba ndiyo sababu alicheza vile.

Watu wa wakati ule hawakuipenda sana picha hiyo, walizoea hariri. Duse alirudi jukwaani mwaka 1921, akafa safarini huko Pittsburgh, Marekani, mwaka 1924. Picha ingaliko, nayo haifiki saa moja. Ukiipata, itazame na watoto waliokwisha kuwa wakubwa, maana mwisho wake ni mzito: mama anakufa ili asiwe kizuizi kwa mwanawe.